Deni la Mwenye Kalamu

Wahenga wetu wa pwani, waliokuwa watu wa biashara na majahazi, walituachia neno lisemalo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na neno hilo, ambalo ni hekima tupu mahali pake, nimelisikia mara nyingi likigeuzwa rungu la kuwapigia wazee waliokwenda vitani wakarudi na makovu mwilini lakini hawana karatasi mkononi. Huambiwa: daftari halikuitaja nishani yako, basi hukuipata, daftari halikulitaja jeraha lako, basi hukujeruhiwa, na kama palikuwa na kosa, kosa hilo ni la zamani, waliolitenda wamekufa, waliotendewa wamekufa au wako ukingoni, na kulifukua leo ni kuwafungulia mlango waongo na kuzishusha thamani nishani za wale waliozipata kwa wakati wake. Rai hii imeenea katika ofisi za serikali, katika mabaraza ya askari wastaafu, na hata katika vinywa vya watu wema wasio na nia mbaya na mtu. Mimi naiona kuwa ni rai batili, na katika makala haya nakusudia kuijibu hoja kwa hoja, nikichukua mifano yangu Marekani, kwa kuwa huko ndiko jambo hili lilikotungiwa sheria na kubishaniwa kwa muda mrefu na kwa uwazi, kisha nirejee kwetu, ambako deni la namna hiyo ni kubwa na limesahauliwa zaidi.

Kwanza yafaa msomaji aijue karatasi yenyewe. Askari wa Marekani aachishwapo utumishi hupewa hati ambayo tangu mwaka 1950 imejulikana kwa nambari yake, 214. Na ndani yake huandikwa siku aliyoingia jeshini na siku aliyotoka, kazi aliyoifanya, na katika kisanduku kimoja kidogo, nishani, beji na tepe zote anazostahiki kuvaa. Karani mwenye safu ndefu ya vijana mbele yake, kila mmoja akihofia kuachwa na gari moshi la kwao, hukijaza kisanduku hicho kwa dakika chache. Na kijana naye, ambaye roho yake imekwisha kufika nyumbani kabla ya miguu, hutia saini pasipo kusoma. Kisha miaka hupita, na siku anapougua, au anapodai malipo ya ulemavu, au wanawe wanapotaka azikwe kwa taadhima ya kijeshi, karatasi ile ndiyo huulizwa kwanza, na kisanduku kile ndicho hutazamwa. Nacho kikiwa kitupu, mtu mzima aliyepoteza sikio lake moja katika mlipuko wa mzinga hutakiwa kuthibitisha kwamba aliwahi kuusikia mzinga ukilia.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wetu ni kwamba daftari ndilo kauli ya mwisho. Nami nawauliza: daftari lipi? Tarehe 12 Julai 1973, muda mfupi baada ya saa sita ya usiku, moto uliwaka katika ghorofa ya sita, iliyokuwa ya juu kabisa, ya jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko Overland, kiungani mwa mji wa St. Louis katika jimbo la Missouri, jengo ambalo halikuwekewa mitambo ya kunyunyiza maji. Na moto huo ulipozimwa kabisa siku ya tano, majalada yapatayo milioni 16 hadi milioni 18 yalikuwa yamekwisha kuwa majivu. Katika majalada ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, asilimia 80 yaliteketea. Na katika yale ya jeshi la anga, ya walioachishwa kati ya Septemba 1947 na Januari 1964, yaliteketea asilimia 75 ya majalada ambayo, kwa mpango wa alfabeti, yalifuata jina la Hubbard. Hapakuwa na nakala ya pili, wala picha za filamu, wala faharisi ya kuonyesha kilichokuwamo. Majalada yaliyonusurika yalikuwa yamelowa maji ya wazima moto, yakaanza kuota ukungu katika joto la kiangazi, hata ikabidi yapangwe katika makreti ya plastiki ya kubebea maziwa na kupelekwa kukaushwa katika chumba kikubwa cha kiwanda cha ndege, chumba kilekile ambacho zamani kilitumika kujaribia hali ya angani kwa ajili ya safari za vyombo vya kwenda nje ya dunia. Na kwa juhudi hiyo yaliokolewa majalada kama milioni sita na nusu.

Basi na tutafakari. Rubani ambaye jina la ukoo wake lilianza kwa herufi ya kwanza ya alfabeti alibaki na ushahidi wake, na mwenzake aliyeketi naye katika ndege moja na kupigwa kwa risasi zilezile, ambaye jina lake lilianza kwa herufi za mwisho, aghalabu alibaki mikono mitupu. Je, kuna mwenye akili atakayethubutu kusema kwamba ushujaa hugawanywa kwa alfabeti? Lau daftari lingekuwa ndilo ushujaa wenyewe, basi ushujaa wa kizazi kizima ungalikuwa umeungua usiku ule. Lakini kilichoungua ni karatasi, na tendo lililokwisha kutendwa haliteketezwi na moto.

Walakini nisiutwike moto lawama zote, maana ziko hati ambazo hazikuguswa na cheche na bado zimepungua. Mwaka 1947 jeshi la Marekani lenyewe liliamua kwamba kila askari wa miguu aliyeipata beji ya mpiganaji katika Vita Kuu ya Pili, na kila mganga wa vikosini aliyeipata beji ya namna hiyo, anastahiki pia nishani ya Nyota ya Shaba. Uamuzi ulikuwa wa insafu. Lakini ulipotoka, wengi wa watu hao walikuwa wamekwisha kuvua sare, wako mashambani na viwandani, na hati zao zilikuwa zimekwisha kufungwa. Nishani haikuwafuata, ilibidi wao waiombe, na mtu hawezi kuomba asichokijua. Wengine walikuja kuijua haki yao wakiwa wakongwe, wengine wanao ndio waliogundua walipokuwa wakipekua makaratasi baada ya matanga. Hapa hakuna mwongo wala mzembe: daftari lilikuwa sahihi siku lilipoandikwa, likapungua kwa uamuzi wa dola iliyoliandika, na lililopungua kwa namna hiyo, ni nani apasaye kulijaza kama si yeye mwenyewe?

Tena iko hoja moja ambayo wanaolitukuza daftari huipitia kimya. Mwaka 1917 baraza la majemadari liliipitia orodha yote ya Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo kubwa kupita zote nchini humo, likafuta majina 911, yakiwamo 864 ya kikosi kimoja cha jimbo la Maine kilichokuwa kimegawiwa nishani hizo jumla jumla katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Na miongoni mwa waliofutwa alikuwamo tabibu Mary Walker, mwanamke wa pekee aliyepata kuwa nayo, ambaye jina lake lilirudishwa mwaka 1977, naye amekwisha kufa zamani. Kwa hiyo daftari hili linaloitwa takatifu lilikwisha kufunguliwa, likafutwa, na palipofutwa kwa makosa pakaandikwa tena. Maadam liliweza kusahihishwa kwa kupunguza, haliwezi kuwa haramu kulisahihisha kwa kuongeza.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo ni zito kuliko moto na kuliko haraka ya karani, nalo ni kosa la kalamu yenye upendeleo. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, katika msitu wa Argonne huko Ufaransa, askari wawili weusi wa kikosi cha 369, Henry Johnson na Needham Roberts, walikuwa wakilinda kituo cha mbele Wajerumani walipowavamia. Johnson alikuwa mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya reli ya Albany kabla ya vita, mtu mfupi, mwembamba wa mwili. Alirusha mabomu ya mkono hadi yakaisha. Akapiga bunduki hadi ikakwama. Akaigeuza bunduki kuwa rungu hadi kitako chake kikavunjika. Na alipowaona maadui wakimkokota mwenziwe aliyejeruhiwa wamfanye mateka, akachomoa kisu chake kizito na kuwaendea mwilini, akamnyakua mwenziwe kutoka mikononi mwao. Alipata majeraha 21. Wafaransa, ambao kikosi chake kilikuwa chini ya amri yao, walimvisha msalaba wao wa vita pamoja na tawi la dhahabu. Lakini nchi yake mwenyewe ilimwandikia hati ya kuachishwa ambayo haikuyataja majeraha yale hata moja. Alifariki mwaka 1929. Nishani ya Moyo wa Zambarau, ambayo ni haki ya kila aliyejeruhiwa na adui, aliandikiwa mwaka 1996. Na Nishani ya Heshima ilitolewa na Rais Obama mwaka 2015, miaka 97 baada ya usiku ule. Hapakuwa na jamaa wa damu wa kuipokea. Aliipokea kwa niaba yake askari mmoja wa jeshi la jimbo la New York, mtu asiyepata kuonana naye maishani.

Wala Johnson hakuwa peke yake. Katika Vita Kuu ya Pili Wamarekani weusi waliotumika jeshini walizidi milioni moja, na katika Nishani za Heshima zaidi ya 400 zilizotolewa kwa ajili ya vita hivyo wakati ule, hata moja haikumfikia mtu mweusi. Jeshi lilipowaagiza wanazuoni katika miaka ya 1990 wachunguze sababu, ilionekana kwamba ila ilikuwa katika desturi ya kupendekeza na kupitisha majina. Na tarehe 13 Januari 1997 watu saba walipewa nishani hiyo kwa pamoja, sita wakiwa wamekufa na mmoja, Vernon Baker, akiwa hai, mzee wa miaka 77. Baada ya hao alikuja Paris Davis, aliyekuwa kapteni wa makomando huko Bong Son, Vietnam, mwezi Juni 1965, ambaye makaratasi ya kumpendekeza yalipotea, yakaandikwa tena, yakapotea tena, hata akaipata nishani yake mwaka 2023, naye ana miaka 83. Msomaji aniambie: makaratasi yaliyopotea mara mbili yalipotezwa na Davis? Maana hii ndiyo maana ya rai ninayoipinga: kwamba aliyeandikwa vibaya ndiye abebe mzigo wa uandishi mbaya, na aliyeshika kalamu akae kitini akimdai ithibati.

Hoja ya pili ni ile ya waongo. Nakiri kwamba waongo wapo, wavaao nishani wasizozipata na kusimulia vita wasivyoviona. Na sheria ya Marekani ya mwaka 2013 imefanya kuwa jinai kujidai nishani za vita kwa hila ili kujipatia mali. Lakini tazama jinsi mwongo anavyofanya kazi: hapeleki ombi la kusahihisha hati na kungojea miezi mingi huku majina ya wakubwa wake yakichunguzwa, hununua nishani dukani akaivaa sokoni. Ombi hilo ni njia asiyoipenda, kwa kuwa ni njia ya kuhojiwa. Humo hutakiwa shahada za waliopigana pamoja naye, zilizoandikwa kwa kiapo. Hutazamwa taarifa za kila asubuhi za kombania, amri za kikosi zilizoorodhesha majina, kumbukumbu za hospitali alikolazwa, barua alizoandikia nyumbani zenye mhuri wa posta wa siku ile. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, na hii ni njia ndefu. Anayehofia waongo angepaswa kuwa wa kwanza kutaka uchunguzi, maana daftari bovu huwahifadhi wote wawili gizani, mkweli na mwongo, wala hakuna awezaye kuwapambanua.

Na ithibati si karatasi peke yake. Kipo kisa kinachosimuliwa, nacho kilitukia kwetu, Mwanza, mwaka 1964. Bunge la Ujerumani Magharibi lilikuwa limekubali kuwalipa askari wazee wa Kiafrika waliopigana chini ya jemadari wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck katika vita vya 1914 hadi 1918 mishahara waliyokuwa wakidai kwa karibu nusu karne. Wazee kama 350 wakakusanyika. Wachache tu ndio waliokuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918, na wengine walikuja na vipande vya sare kuukuu. Mjumbe aliyeleta fedha akafikiri jambo: kila mzee aliyedai alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Fikiri mzee wa miaka sabini, kanzu imechakaa, mgongo umepinda, ambaye tangu ujanani hajaisikia lugha ile. Amri inatoka, na mikono inaupandisha ufagio begani, inaushusha, inausimamisha mbele ya kifua, kama ilivyofundishwa. Inasimuliwa kwamba hakushindwa hata mmoja. Mwili uliyakumbuka yale ambayo daftari halikuyahifadhi, na mlipaji aliyetaka kulipa alipata njia ya kuhakikisha. Anayesema kwamba bila cheti hapana njia, aghalabu hajaitafuta.

Hoja ya tatu ndiyo wanayoitegemea zaidi, nayo ni kwamba wakati umepita. Husema: sheria imeweka mwisho, na marehemu hanufaiki na kipande cha chuma. Ama sheria, hebu tuisome kwa ukamilifu. Zamani Mmarekani aliyetaka hati yake isahihishwe alihitaji mswada mzima upitishwe na bunge kwa ajili yake peke yake. Mwaka 1946 bunge likachoka, likatunga sheria ya kuweka mabaraza ya raia ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi. Mwisho wa kuleta ombi ni miaka mitatu, lakini huhesabiwa tangu kosa lilipogunduliwa, na baraza limepewa uwezo wa kuusamehe muda huo pale haki inapotaka hivyo. Mwaka 1996 mlango mwingine uliongezwa, wa mapendekezo ya nishani yaliyochelewa kupitishwa kwa mkono wa mjumbe wa bunge. Waliotunga sheria walijua kwamba haki ya namna hii huchelewa. Wanaoitumia sheria kama kufuli wameshika nusu yake wakaiacha nusu ya pili.

Ama marehemu, nitamtaja mmoja. Waverly Woodson alikuwa mganga wa kikosi cha weusi waliorusha mapulizo ya kuzuia ndege katika pwani ya Omaha huko Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Alijeruhiwa kabla hajakanyaga mchanga, na kwa muda wa kama saa 30 alifunga majeraha, alitoa risasi na kuwavuta majini waliokuwa wakizama, hata inahesabiwa kuwa aliwahudumia watu zaidi ya 200 kabla ya kuanguka mwenyewe. Jalada lake ni miongoni mwa yaliyoungua mwaka 1973. Alikufa mwaka 2005. Na Msalaba wa Utumishi Uliotukuka alipewa mwaka 2024, baada ya jamaa zake na waandishi kuhangaika miaka mingi. Ni kweli kwamba yeye hakuuvaa. Lakini kumbukumbu za vita haziwekwi kwa ajili ya aliyepigana tu. Huwekwa ili watoto wa shule wajue ni nani aliyekuwako. Pwani ile imeonyeshwa katika filamu na vitabu visivyohesabika kana kwamba mtu mweusi hakuifikia, na kila hati iliyobaki na kosa iliusaidia uongo huo kukomaa. Daftari linapomsahau mtu mmoja huwa limemdhulumu yeye. Linapowasahau watu wa rangi moja huwa limewadanganya wengine wote.

Hapa ndipo ninaporejea kwetu. Mjini Dar es Salaam, katikati ya barabara, imesimama sanamu ya shaba ya askari aliyeelekeza bunduki yake, na chini yake yameandikwa maneno ya kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Jina hakuna hata moja. Mwendo mfupi kutoka hapo liko soko la Kariakoo, ambalo kila siku maelfu hununua humo nazi na vitambaa, na wachache wanajua kwamba jina hilo ni la kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi mahali hapo, wale waliobeba vichwani risasi na unga wa majeshi ya Uingereza hadi wakafa kwa homa, kuhara na njaa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya walivyokumbukwa, au hawakukumbukwa kabisa. Nayo ikaomba radhi. Radhi ni mwanzo mwema, lakini deni la majina hulipwa kwa majina. Marekani, pamoja na dhulma zake zote nilizozieleza, angalau ina baraza ambalo mjukuu anaweza kulipelekea ombi kwa stempu ya posta. Mjukuu wa mpagazi aliyekufa Rufiji ana mlango gani wa kubisha?

Kwa hiyo nazitaka dola mambo mawili. Kwanza, pale ambapo jalada limepotea au limeungua mikononi mwa serikali, mwombaji aaminiwe kwa ushahidi wa kadiri, na mzigo wa kukanusha uwe wa serikali. Pili, serikali inayotoa uamuzi wa kuongeza nishani iwatafute wanaoistahiki yenyewe, isiwangoje waje wakikongoja. Na wewe msomaji, kama kuna mzee kwenu aliyewahi kubeba bunduki au mzigo wa vita, iwe Burma, iwe Kagera, keti naye juma hili kabla ya jua kuchwa. Muulize kikosi chake, nambari yake, jina la mkubwa wake, mahali alipojeruhiwa na nani alikuwa kando yake. Andika tarehe, mwambie atie saini au dole gumba mbele ya shahidi, na uihifadhi karatasi hiyo pamoja na hati ya nyumba yenu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema kwamba daftari likikosewa liachwe lilivyo.